Kipaimara cha Neema na Darasa la Mwalimu Li

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na mvua hizi za vuli? Natumaini kaka Elia amekuzuia kuteremka bondeni kukata majani ya ng'ombe, ingawa nakujua, hukatazwi ukakatazika. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka.

Unajua nilikuja huku China kutafiti jinsi Kiingereza kinavyofundishwa. Kazi yenyewe ni kukaa nyuma ya darasa, kurekodi, kisha kuchambua nani anaongea, anaongea lini, na mwalimu anamjibuje. Ukisikia hivyo utasema ni kazi ya kukaa tu. Na mimi nilidhani hivyo.

Kinachonitesa ni ukarimu. Mwalimu Li, mwenye darasa ninalolichunguza, hawezi kumwonyesha mgeni somo la kawaida. Mgeni akitarajiwa, somo linafanyiwa mazoezi kwanza, kama kwaya yetu kabla ya Pasaka: nani atanyoosha mkono, nani atajibu, wapi wacheke. Mimi huko nyuma najiona nimebarikiwa, watoto wanatiririsha Kiingereza! Siku nilipoingia darasa lake jingine, lenye watoto wengine, ndipo nikashtuka. Swali lilelile, mzaha uleule, watoto wakacheka palepale.

Profesa wangu alisikiliza rekodi kidogo tu, akavua miwani. "Hii ni sherehe," akasema. "Darasa liko wapi?" Bila darasa la kweli hakuna shahada, na ruhusa yangu ya masomo kutoka kazini, huko chuoni Moshi, inaisha mwakani, haiongezwi.

Na sehemu ya balaa hili ni malezi yako, Mama, usikasirike. Ulitufundisha mgeni asiondoke bila kushukuru. Basi kila somo likiisha nasimama kwa adabu zote: "Hongera mwalimu, somo limependeza sana." Naye anaona kumbe mgeni anafurahi, wiki inayofuata ananiongezea picha, nyimbo na maputo. Maputo, Mama! Nilitamani kupiga kelele.

Juzi uvumilivu uliniishia. Nikamtengenezea kahawa ya shamba letu la kihamba, nikamwambia wazi, "Mwalimu, naomba somo baya." Akanitazama kama nimemtukana. Nikamsimulia ulivyokuwa ukifundisha Old Moshi, wakaguzi wakija mnapiga deki tangu alfajiri na watoto wanaazimana soksi. Hapo akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wiki ya marudio kabla ya mtihani sina muda wa kuandaa chochote," akasema. "Nafoka, watoto wanasinzia. Njoo hiyo. Lakini ni hiyo tu, muhula ujao nahamishwa."

Wiki hiyo, Mama, ndiyo ya kipaimara cha Neema.

Huku Desemba si mwezi wa kwenda nyumbani, watu wanasoma tu. Nimembembeleza Mwalimu Li asogeze wiki hiyo, lakini tarehe ya mtihani hapangi yeye. Nimegombana na profesa mpaka nikaona aibu. Nina hasira na sina wa kumkasirikia, kwa sababu kila mtu hapa amenitendea wema. Mchagga gani anakosa kupanda nyumbani Desemba, tena mwanawe wa pekee anapata kipaimara?

Siji, Mama. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, ungeniambia njoo, na ningekuja. Mwenzangu wa Shirimatunda anayerudi nyumbani atakuletea barua hii mkononi. Ukishaisoma nitampigia Neema nimwambie mwenyewe. Usimwambie kazi imenizuia. Nimechagua, na inaniuma. Akinuna, mwache anune, ana haki.

Nilimwahidi kumvalisha gauni kwa mikono yangu. Mvalishe wewe, na keki akulishe wewe wa kwanza.

Nisalimie kaka Elia, mwambie mbuzi wa ndafu asimkaushe motoni kama yule wa harusi yake. Nisalimie shangazi wa Njoro anayeshona gauni, aache upindo mrefu, mtoto anarefuka. Na jirani yetu anayekuchotea maji goti likikusumbua, mwambie sijui nimlipe nini.

Siku hiyo kanisani kaa benchi la mbele, pembeni yake. Halafu uniambie ukweli, usinihurumie: aligeuka kuangalia mlangoni?

Ni mimi mwanao,
Aikande