Betri ya Ndege Kwenye Harambee

(Ukurasa huu niliuandika zamani, nilipokuwa nafundisha umeme chuoni. Nimeunakili hapa kama ulivyokuwa.)

Nyeri, Jumatano, Julai

Baridi ya leo inauma masikio na ukungu haujatoka tangu asubuhi, lakini mimi nachemka. Chai nimeinywa nimesimama. Nikiketi nakumbuka, na nikikumbuka natamani kurusha kikombe.

Wacha nianze mwanzo, shajara, labda hasira itapungua.

Ile ndege ndogo inayoleta wagonjwa kutoka kaskazini ina umeme wa kutosha taa na redio tu. Ukiwasha ndani yake sanduku la kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, redio inafifia, na rubani hawezi kupita karibu na mlima bila redio. Basi sanduku huzimwa. Serikali ikatupa pesa za utafiti tuunde umeme wa pembeni: betri yake, na kidhibiti cha kuugawa bila kugusa ule wa ndege. Ni kodi hiyo, ya watu wanaochuma chai mvua ikiwapiga mgongoni. Kazi yenyewe nimeikalia hadi mume wangu ananiuliza kama nimeolewa na betri.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuijaribu angani, kutoka Nanyuki.

Jumapili, bila kuniambia, Mkuu wa chuo alichukua betri yangu na kidhibiti chake akavipeleka harambee ya kuchangia kanisa huko Murang'a, ati vipaza sauti visikose stima. Mtu akaunganisha waya kinyume. Jumatatu nilipofungua stoo nilipokelewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Kidhibiti kilikuwa mkaa.

Nililia, sitaficha. Nililia bisibisi ikiwa mkononi.

Leo nilienda Nanyuki hata hivyo, kwa sababu Sista Muthoni, muuguzi anayesafiri na wagonjwa kwenye ndege hiyo, alistahili kusikia kutoka kwa mdomo wangu. Nilimkuta ameshatoa kiti kimoja na kulifunga sanduku kwa mikanda, ananingoja. Nikamweleza yote.

"Basi tutaendelea na chupa za maji moto," akasema.

Kisha akaniambia juu ya mtoto wa wiki iliyopita. Chupa zilipoa kabla hawajapita mlima, akamweka kifuani mwake, ndani ya sweta. Hakufika hospitali akiwa hai. Alisema hivyo huku anakunja blanketi, wala hakunilaumu. Ningependelea anitukane.

Niliporudi nilienda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu. Alinisikiliza akitabasamu. "Mwalimu, hizo ni pesa za wananchi, na harambee ni ya wananchi. Sasa hasira ni ya nini?" Halafu akauliza kama nitakuwa nimemaliza kutengeneza kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu kuna harambee ya josho la ng'ombe Kiganjo.

Habari ya ndege hakuuliza. Hata kidogo.

Harambee sina ugomvi nayo. Ndiyo iliyojenga shule niliyosoma. Ugomvi wangu ni na mtu ambaye akiona kitu cha utafiti anadhani kimekaa tu kikingoja mwenye shughuli. Ati kwa sababu hakipigi kelele, hakina kazi.

Lakini nimeshaamua. Vipuri vikifika kutoka Nairobi nitaunda kidhibiti kingine, na kikikubali kufanya kazi hakitalala chuoni hata siku moja. Nitakipeleka Nanyuki nikifunge ndani ya ndege kwa mikono yangu. Mkuu akitaka kunifukuza kazi, anifukuze. Na akikitaka kwa harambee yake, aende akichomoe mwenyewe, mtoto akiwa ndani ya sanduku na Sista Muthoni akimtazama.