Gari Iliyolizwa Matangani

Omera Ochieng', ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako hapa gereji, kile cha basi tulichong'oa tukakifanya cha wageni, halafu wewe ukakataa wageni wasikikalie. Sijui kama wafu wanasoma barua. Najua tu kwamba nikiendelea kunyamaza nitampiga mtu, na wewe unajua mkono wangu ulivyo mwepesi nikiudhika.

Nianze na mambo madogo. Wale wa machimbo ya Osiri bado wanapakia magunia ya mawe ya dhahabu kwenye magari ya familia, kisha wanakuja hapa Migori kuniuliza eti kwa nini gia inateleza. Wateja bado wanachungulia mlangoni na kusema, "Ochieng' yuko?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema hayuko, basi, na naendelea na kazi.

Sasa yale yaliyonikalisha chini. Gari yako ilikufa, na watu wa kwenu wakasema mkeo ndiye aliyeiua.

Presha ilipokuangusha hapa gereji na ukakata roho kabla hatujafika hospitali, tulikupeleka kwenu Ndhiwa tukakuzika. Unajua tunavyofanya. Dereva au fundi akifa, magari yanalia pamoja na watu, kutoka barabarani mpaka langoni ni honi na injini. Gari yako wewe mwenyewe ndiyo ilipaswa kulia kuliko zote. Mimi sikuwa langoni saa hiyo. Lori ya viti na mahema ilikwama kwenye tope, nikabaki nyuma na vijana kuitoa. Nilisikia ngurumo kwa mbali nikadhani ni boda boda.

Wiki chache baadaye Nyar Magunga alichukua gari akaenda Muhuru Bay kuleta omena, dagaa wa kuuza. Mkeo umemwita hivyo, binti wa Magunga, kwa miaka mingi hadi mimi nimesahau jina lake la kanisani. Alienda kwa sababu watoto wanakula, Ochieng', msiba uwepo usiwepo. Akirudi, gari ikaanza kutetemeka, halafu ikafika mlimani ikakataa kabisa, injini inapiga kelele na magurudumu hayasongi. Ililetwa nyumbani juu ya lori.

Basi midomo ikafunguka. Mjane ametoka bomani kabla siku zake za kuomboleza hazijaisha, hiyo ni chira, laana imeingia, marehemu amekasirika na gari imemkataa mwanamke. Na aliyesema kwa sauti ya juu kuliko wote ni baba yako. Mzee aliyeendesha matatu tangu sisi tukiwa uchi alisimama uani akasema, "Huyu ameua gari ya mtoto wangu." Ndugu zako wakachukua ufunguo. Kikao cha ukoo kikapangwa: gari iuzwe, na yeye atakaswe ama arudi kwao.

Nilienda kabla ya kikao. Nikamwambia mzee kwamba gari haiuzwi bila kupimwa, akakubali shingo upande.

Nilifuata njia yako. Ulikuwa ukinikaripia, "Usiguse boliti kabla hujanusa oili," kwa hiyo nilinusa kwanza. Niliacha injini ipate moto, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ile oili nyekundu tuliyoweka mimi na wewe kabla hujaugua ilikuwa nyeusi na inanuka kama njugu zilizoungulia kikaangoni. Nikaweka D, gia ya kwenda mbele. Ilichelewa kushika, lakini kwa kuwa ilikuwa imepumzika siku kadhaa, ilishika. Barabarani, pale tambarare, nilipotuliza mwendo, usukani ukaanza kutetemeka kama napita juu ya mawe madogo. Nikagusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, mtetemo ukaisha. Nikaachia, ukarudi. Ulinifundisha maana yake: ukigusa breki, klachi iliyo ndani ya torki konvata, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, inaachia, na mtetemo ukiondoka hapo, ugonjwa uko ndani ya konvata yenyewe. Niliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kwenye kivuli chembamba cha jiko, sumaku zake zilikuwa zimevaa matope meusi. Konvata imeungua na klachi za giaboksi zimeungua nayo.

Lakini omena kavu ni nyepesi, omera. Safari moja ya omena haichomi oili hivyo. Oili hiyo ilichemshwa na gari iliyosimama, injini ikikazwa mpaka mwisho na magurudumu yakiwa yamezuiwa. Kile kipimo chako cha kushika breki na kukanyaga mafuta ukiwa kwenye D, hukuniruhusu nikifanye hata kwa pumzi mbili. Ulikuwa unanipigia kelele niachie.

Kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyenionyesha video kwenye simu, tena kwa fahari, ili nione vile ulivyoliliwa. Baba yako yuko ndani ya gari yako. Paji la uso liko juu ya usukani, mguu mmoja umekaza breki, mwingine umekanyaga mafuta mpaka chini. Gari inatetemeka papo hapo, inanguruma, na haisogei. Inaendelea hivyo mpaka mimi niliyekuwa natazama nikachoka. Moshi unatoka chini na akina mama wanazidisha nduru, wakidhani hata gari inakulilia. Kwenye matatu zake za zamani ungekanyaga klachi ukanguruma mchana kutwa na hakuna kitu kingeharibika. Hii yako haina klachi ya mguu. Mzee aliweka D ili itetemeke vizuri.

Nilicheka, Ochieng'. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka yule kijana akarudi nyuma. Fundi wa giaboksi anayejulikana Migori nzima, na sisi tumemzika kwa kuchoma giaboksi yake.

Nilimkalisha mzee kwenye kiti cha mbele, nikampa kijiti anuse, nikamweleza polepole, kwa heshima, vile ungetaka. Alinusa mara mbili. Akasema, "Nilikuwa nalilia mtoto wangu." Nikamwambia najua, Baba. Akatazama mikono yake, kisha akasema, "Usiwaambie." Nikachukua kijiti nikakirudisha mahali pake. Nilikuwa na hasira, na huruma pia, sikujua ipi niifuate.

Kikaoni Nyar Magunga alikaa chini kando ya ukuta wa jiko, macho kwenye vidole vya miguu. Ami yako mkubwa alisema maneno ambayo sitakuandikia. Mimi nilikuwa namtazama mzee tu. Ami alipouliza kama kuna mwenye neno kabla hawajafunga, mzee akavua kofia akaivaa tena. Nikaona hatasema. Nikaanza kuinuka. Ndipo aliponyoosha mkono kunizuia, akasimama mwenyewe, akasema, "Gari niliiua mimi. Siku ya mazishi. Msimguse huyu mtoto."

Ndugu yako mdogo akatoa ufunguo mfukoni akampelekea shemeji yake. Nilidhani mambo yameisha, na nikaanza hata kupumua.

Nyar Magunga hakuupokea. Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akasema kwa upole kabisa, "Nimesikia, Baba. Lakini nyote mliamini." Begi lilikuwa limeshafungwa ndani ya nyumba. Aliondoka na watoto wako kwenda kwao Magunga, na kati ya wanaume wote tuliokuwa pale hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia asiende. Mimi pia nilitazama chini.

Mzee hali vizuri. Anaketi karibu na kaburi lako na hataki kusemeshwa. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, akanishukuru kama mgeni. Inaniuma, lakini ningekuwa pale tena ningempa kile kijiti anuse.

Gari iko hapa mbele yangu, giaboksi imeshuka. Nitabadilisha konvata, nitaweka klachi mpya, nitaosha mirija yote ya oili mpaka isibaki harufu. Halafu nitaipeleka Magunga mwenyewe. Nyar Magunga akikataa ufunguo nitauacha kwa mama yake, nirudi kwa pikipiki bila kubishana. Hiyo nakuahidi.

Lala sasa, omera. Jiko lako Ndhiwa halitoi moshi tangu aondoke, na sitakudanganya kwamba nitalirudisha. Ninachojua kutengeneza ni gari.

Otieno