Alama ya Chaki Kwenye Picha Zako

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Msomi,

Hujambo? Koo limepona? Unakula, au bado chai na mkate unaviita chakula cha mchana? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi tu, na baba yako anakoroma kitini huku akikana kwamba amelala.

Barua yako nimeisoma mara mbili, imeniuma sana. Miaka miwili unaifundisha kompyuta kutambua kitambaa chenye dosari, halafu siku ya kuionyesha mbele ya maprofesa, kompyuta inapita juu ya tundu la kuingia kidole na kusema kitambaa ni kizima! Ningekuwepo shangazi yako, ningekushika mkono. Unasema huna kichwa cha kazi hii, na mwisho wa mwezi unaacha masomo. Ngoja kwanza.

Juzi niliifungua ile programu uliyoniwekea kwenye simu. Nikapiga picha shuka iliyochanika. "Kizima." Nikasonya. Nikachukua foronya mpya, na kwa mazoea tu nikaipitishia chaki ukingoni, mstari mfupi kama ukucha. "Kibovu." Nikaufuta mstari. "Kizima." Nikaurudisha mstari. "Kibovu" tena.

Mwanangu, sisi wakaguzi wa kiwanda cha vitambaa tukiona dosari huweka mstari huo pembeni papo hapo. Mkono unakwenda wenyewe. Picha zote za vitambaa vibovu nilizokupigia zina alama hiyo, ndogo hivi kwamba wewe uliidhani ni vumbi. Uliniuliza kama nimevipiga picha jinsi vilivyo, nikajibu ndiyo bila kufikiri. Kompyuta yako ilijifunza kutafuta chaki, na chaki niliiweka mimi. Nisamehe sana.

Nimemweleza msimamizi wangu. Amecheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaniruhusu kupiga picha upya kuanzia kesho, kabla chaki haijagusa kitu.

Na ile safari ya kuja kuwaonyesha wasichana wa shule ya jirani jinsi kompyuta inavyoona, tafadhali usiifute. Mwalimu wao wa hesabu ananiuliza habari zako kila tukikutana. Waonyeshe kosa hili hili. Wakimwona mtu aliyesoma amekosea na bado anacheka, nao watathubutu kujaribu.

Kwa profesa wako usinifiche. Najua unanihurumia, lakini mwambie mkaguzi alikosea, na mkaguzi mwenyewe ni shangazi yako. Miaka ishirini na sita sijaandikiwa kosa hata moja kwenye daftari la kiwanda. Hili la kwanza liandike kwenye kitabu chako cha utafiti, tena kwa jina langu kamili.

Baba yako anakusalimu, na mdogo wako anauliza kama kompyuta inaweza kumtafutia soksi. Msalimie mwenzako wa chumba. Mungu akutulize moyo na akulinde huko uliko.

Wako akupendaye, hata ukiwa umekonda,

Shangazi