Kidonda chenye Kuongea

Butembo, siku ya tano (Ijumaa)

Habatakata tena mguu wa Baba Kavira! Docteur mwenyewe amesema leo.

Ni Kavira wangu, mwanafunzi wa biolojia, aliosha kile kidonda asubuhi na mangaribi.

"Mama, mikrobe zinaitanaka. Zikiwa kidogo zinanyamaza. Zikisikia zimekuwa mingi, zinashambulia pamoja."

"Kama basoda, banajeshi, mu pori!"

Akacheka. "Ndiyo, Mama. Na moja ya hizo inaozeshaka hata mboga."

Mboga! Donc mu shu, kabichi za shamba yangu, na mu mguu wa mutu zinasema luga moja? Hata yeye hajui. Nawaza tu, usingizi hapana.

Nani alizaa huyo mutoto? Mimi!

Njia ya Beni ikiwa wazi, ndugu bote batafika, na bwana yangu atabapokea mulangoni akisimama na miguu yake mbili: dimanche, siku ya kanisa.