Shimo Jeusi na Kamba ya Lori

Makambako, asubuhi ya ukungu

Mama Tumaini, mke wangu,

Baridi ya hapa inanishinda, ila chai ni ya moto. Nakiri kwako: Neema ameshajua ninaumwa, ingawa tulikubaliana kumficha asije akaacha masomo.

Tukiwa stesheni tukingoja treni ya kumrudisha chuoni, nilimwuliza mjukuu wetu huyo anasomea nini hasa. Akaazima kamba kwa dereva wa lori la mbao lililoegeshwa hapo, akanishikisha ncha moja.

“Tikisa, Babu. Gesi inayozunguka shimo jeusi kubwa hutuma mawimbi ya redio. Shimo halionekani, lakini mwelekeo wa kutikisika kwa mawimbi hutuonyesha nguvu ya sumaku iliyomo kwenye gesi.”

Nikatikisa. Kamba ikaenda ovyo.

“Mzee, usinichoshee kamba!” dereva akacheka.

Neema hakucheka. “Mkono wako nao umeniambia kitu, Babu.”

Nikamweleza yote, hata kwamba sitapona. Alilia, lakini treni ilipofika alipanda. Akapaza sauti dirishani: “Mwambie mke mwenzangu akutunze, nikirudi ni zamu yangu!”

Behewa zima likacheka, nami pia. Namshukuru Mungu kwa ajili yenu wawili. Nichemshie viazi, narudi nyumbani mwepesi.

Mumeo