Nilishinda, nikaandika kwamba nimeshindwa

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha.

Leo tulikuwa na mashindano ya chesi ya kuchagua vijana watano wa Eastlands watakaoenda kucheza ya kitaifa. Nimekuwa wa sita. Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujidanganya.

Nina kitabu kimoja tu cha chesi. Kinamfuata grandmasta mmoja, mashindano baada ya mashindano, tangu akiwa na miaka tisa. Michezo yake nimeirudia kwenye meza yetu ya kulia hapa Kariobangi, lakini ile aliyoshinda tu akiwa na kete nyeupe. Aliyopoteza nilikuwa naipita haraka. Kwa hiyo kila mchezo niliorudia unaisha na 1–0. Mkono wangu umeizoea.

Raundi ya nne nilikuwa na kete nyeusi, dhidi ya Brayo wa Njiru. Nilimshinda. Aliinamisha kichwa, nami nikaona aibu, kama nimemwibia kitu. Mshindi ndiye hujaza karatasi ya matokeo. Nilijaza bila kumtazama, akasaini, nikasaini, nikatoka.

Niliandika 1–0.

Namba ya kwanza huwa ya mwenye kete nyeupe. Yaani pointi yangu nilimpa Brayo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Niligundua orodha ilipobandikwa ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano raundi ya tano ianze, na meza ya refa ilikuwa hatua chache tu. Nilienda hadi pale, nikainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka, nikarudi.

Anayetufundisha ni Fundi Mutua. Huchonga kete za mbao kwenye karakana yake ya jua kali, na Jumapili baada ya kanisa tunacheza kwake. Alikuwa nje ya ukumbi.

"Grandmasta, leta habari."

Nikamwambia nimepoteza. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nilisahau kawaida yake. Ukipoteza, unapanga ubao umwonyeshe ulipokosea. Nikapanga hadi mwisho. Akatazama weee.

"Huyu mfalme mweupe anaenda wapi?"

"Hana pa kwenda."

"Sasa wewe umepoteza nini, sauti?"

Ndipo nikamweleza. Hakucheka. "Enda kwa refa. Na siendi na wewe, binti yangu."

Refa alinisikia niliporudia mara ya tatu. Akamwita Brayo kutoka kwenye ubao wake.

"Ni ukweli, alinichapa," Brayo akasema. "Hiyo namba niliiona. Nikadhani amenihurumia."

Lakini saa za raundi ya tano zilikuwa zimeshawashwa, na zikiwashwa matokeo ya nyuma hayaguswi. Refa alisema ningekuja dakika mbili tu mapema, angenisikiliza. Saa yangu pia ilikuwa inakimbia, kwa hiyo nikaenda kukaa, nikacheza.

Brayo amekuwa wa tano. Nimejaribu kumkasirikia na nimeshindwa, maana nakumbuka kile kiatu.

Kinachonisumbua si hata pointi. Ni kwamba Fundi asingeomba ubao, ningekuja nyumbani na huo uongo, na mama angenipa pole.

Kesho baada ya kanisa nitakifungua kitabu pale grandmasta alipopoteza akiwa na miaka tisa, nianzie hapo. Na Fundi akiniuliza habari, nitamjibu kwa sauti ambayo hata walio mlangoni wataisikia.