Utepe wa Njano

Mwanza
12 Aprili 1999

Mwanangu Bernadeta,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto ndilo linaloamua niende wapi. Mama yako anauliza kama karanga zilifika na kama baridi ya huko Norwei imelegea.

Nimekasirika, na ni vizuri ujue mapema. Ile tovuti mliyoifungua wewe na mwenzako Josephat kwa ajili ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu, mimi imenishinda. Nimekwenda Nyamagana, kwenye ofisi ya Tereza yenye kompyuta, nikaandika ujumbe kwa kidole kimoja tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nikabonyeza. Ikaja "Asante", halafu hakuna kitu. Nikaandika tena. Asante. Mpaka leo nimeshashukuriwa mara sita na ujumbe wangu siuoni popote, wakati kuna mtu hapo ameweka habari za mbuzi wake na zinasomeka vizuri kabisa.

Ujumbe wenyewe ni huu. Mwezi wa pili walipokuwa wakibadilisha bati la stoo ya shule, waliikuta ile redio juu ya dari, imefungwa kwenye gunia. Ndiyo, redio ile. Marehemu mtunza stoo aliificha mwaka 83, wakati wa msako wa walanguzi, kwa sababu haikuwa na risiti, kisha akaogopa kusema. Na mimi, mwalimu mkuu, nilimfukuza Otuoma kwa wizi wa redio hiyo, mstarini, mbele ya wanafunzi mia nne.

Nataka kumwomba radhi. Anwani yake sina, ila nasikia yuko Nairobi na huwa anaisoma hiyo tovuti. Niambie maneno yangu yanapotelea wapi.

Baba yako,
Mwl. Maige

*

Bergen
6 Mei 1999

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata, na karanga pia. Mimi mzima, ninaendelea na masomo. Pole na goti.

Ujumbe wako haujapotea, baba. Zote sita ninazo. Watu walianza kutukanana humo, kwa hiyo tulikubaliana kila ujumbe upite kwanza kwangu au kwa Josephat kabla haujaonekana. Hizi zinazotoka Afrika Mashariki nazipitia mimi. Naomba usiandike tena, zinajaa tu.

Lakini hebu fikiri kidogo. Ni miaka kumi na sita sasa. Watu humo wanakusifu, wanakuita mwalimu bora waliyewahi kumpata. Kwa nini tuyafukue? Tukiipata anwani ya Otuoma unaweza kumwandikia barua ya siri, yaishe kwa heshima.

Msalimie mama sana.

Mwanao,
Bernadeta

*

Mwanza
31 Mei 1999

Mwanangu Bernadeta,

Salamu. Tumefurahi kusikia hujambo. Goti bado.

Barua ya siri! Mimi nilimfukuza ofisini? Nilimwita mbele ya mstari, nikamvua tai ya shule kwa mkono wangu, na baba yake, mvuvi wa watu, akapanda meli kutoka Musoma kuja kumchukua. Neno nililolisema mstarini nitalifuta mstarini. Mstari wenyewe sasa umetawanyika duniani, na mahali pekee unapokutana ni hapo mlipopafunga kufuli.

Na kitu kingine. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja. Mtoto akileta daftari lake analiona juu ya meza yangu. Halijasahihishwa, sawa, lakini analiona kwamba lipo, na jina lake ni lile pale. Hakuna mtoto niliyempokonya daftari nikamwambia "asante" nikalificha uvunguni. Kama lazima nisubiri, nitasubiri, lakini nionyesheni cha kwangu. Siombi kuona cha mtu mwingine.

Nimeandika wa saba. Tereza alinishauri nisiandike, nikamwambia anyamaze.

Baba yako,
Mwl. Maige

*

Bergen
25 Juni 1999

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nimemsomea Josephat habari ya daftari na meza, akacheka, kisha akasema Mwalimu ana haki. Amekaa siku mbili akaibadilisha. Ukienda kwa Tereza sasa utauona ujumbe wako. Tumia kompyuta ile ile uliyoandikia, kwa sababu ndiyo itakayotambuliwa. Utakuwa na utepe wa njano pembeni.

Basi baba, usihangaike tena. Pumzisha goti.

Mwanao,
Bernadeta

*

Mwanza
19 Julai 1999

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Nimeuona! Uko juu kabisa, maneno yangu yote, jina langu chini. Na huo utepe nimeupenda, nimemweleza mama yako kwamba mmenifunga utepe kama kiranja. Tereza ameniambia wateja wake wote wanaotumia kompyuta ile ya dirishani wanaukuta. Pius, aliyekuwa nahodha wa mpira, aliusoma akanifuata hadi nyumbani, akanishika mkono. Getruda, aliyekuwa kidato cha pili wakati ule na sasa ni muuguzi, alilia pale pale kwenye kiti.

Nilikuwa nimekuchukia kidogo, sasa yamekwisha. Kila Ijumaa naenda kutazama kama Otuoma amejibu. Bado, lakini mimi nilimchelewesha miaka kumi na sita.

Baba yako mwenye furaha,
Mwl. Maige

*

Mwanza
23 Agosti 1999

Bernadeta,

Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi uliopita, na leo nimejua kwa nini.

Pius alimpata Otuoma kwa simu, akamwambia Mwalimu amekuomba radhi mbele ya watu, nenda ukasome. Otuoma alitafuta siku tatu kwenye kompyuta ya kazini kwake Nairobi. Hakuna kitu. Alichomjibu Pius ni hiki: "Alinifukuza mbele ya watu mia nne, na msamaha ameuweka mahali anapousoma peke yake."

Nikaenda kwa Tereza, goti na yote. Tukafungua kompyuta nyingine, ile ya karibu na mlango. Hakuna. Tukarudi ya dirishani. Upo. Mlango, hakuna. Dirisha, upo. Mwanangu, nilisimama katikati ya ofisi ya watu nikiona aibu kama mwizi.

Kumbe utepe maana yake ni kwamba ujumbe bado haujapitishwa, na anayeuona ni mwandishi tu. Ulijua, na hukuniambia.

Najua pia kwa nini. Niliandika "nilimwamini mtu mmoja aliyesema amemwona akitoka stoo". Sikulitaja jina lako wala sitalitaja. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Ulisema ulichokiona: mvulana anatoka stoo; kwamba alikuwa anarudisha majembe nilikuja kuambiwa baadaye. Aliyeamua bila kuuliza ni mimi. Kosa ni langu, mbona unalikalia wewe?

Baba yako

*

Bergen
13 Septemba 1999

Baba, shikamoo.

Sina la kujitetea. Sikukudanganya, ila sikumalizia, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilitaka utulie. Barua yako ya furaha nimeisoma mara nyingi na kila nikishika kalamu naona haya.

Hukuniambia jambo jipya kuhusu majembe. Niliyaona mikononi mwake asubuhi ile, baba. Alikuwa anayaingiza, kisha akatoka mikono mitupu. Uliponiuliza nikasema tu "nilimwona akitoka", kwa sababu ulikuwa umekasirika na nilitaka uone kwamba mimi ni wa msaada. Halafu ulipomvua tai nilikuwa mstari wa mbele, na nikanyamaza. Nilidhani mtu yeyote akiusoma ujumbe wako atanijua mara moja.

Leo saa nne asubuhi nimeuidhinisha, mmoja kati ya zile saba. Utepe utakuwa umeondoka. Nenda ukatazame kwenye kompyuta ya mlangoni.

Nisamehe.

Mwanao,
Bernadeta

*

Mwanza
4 Oktoba 1999

Mwanangu Bernadeta,

Salamu. Sisi wazima.

Habari ya majembe iliniuma, sitaficha. Mama yako naye imemuuma. Tutaizungumza ukija, mdomo kwa mdomo. Kukusamehe mimi nimekusamehe. Lakini si mimi niliyevuliwa tai.

Ujumbe upo mlangoni, upo dirishani, upo kila mahali. Otuoma ameusoma. Alimpigia Pius akasema ameandika jibu refu, na kwamba kwake Nairobi analiona, lina utepe wa njano. Kwetu huku halipo. Kwa hiyo liko mezani kwako.

Pius alimuuliza ameandika nini, hakusema. Huenda ni kunitukana. Mwanangu, hata kama ni matusi, usilikalie.

Tereza anaituma hii kwa faksi ya chuoni kwenu, posta siiwezi tena.

Baba yako,
Mwl. Maige

*

Bergen
5 Oktoba 1999

Baba, shikamoo.

Faksi imefika asubuhi hii. Lile jibu lilikuwepo, tangu Ijumaa. Nilikuwa naogopa kulifungua. Nimeliidhinisha sasa hivi bila kulisoma, wala sitalisoma kabla yako. Nenda kwa Tereza, keti kwenye kompyuta yoyote unayotaka.

Kisha nimeandika wa kwangu. Nimeandika habari yote ya majembe, na nimeweka jina langu kamili. Sikutaka kujipitisha mwenyewe, kwa hiyo nimemwachia Josephat, na Josephat amesafiri mpaka wiki ijayo. Hapa nilipo nauona, una utepe wa njano. Ninyi bado hamuuoni. Nimekaa nautazama.

Mwanao,
Bernadeta